Damu ya Mjomba na Posa ya Ipogolo

Mjomba wangu aligeuka manjano siku ya Idi, mbele ya ukoo mzima, na mtu pekee aliyebisha alikuwa yeye mwenyewe.

Tulikuwa nyumbani kwa mama yangu, Mbeya, upande ule wa mlimani ambako hata jua la mchana halimvui mtu sweta. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa ametoka Rujewa asubuhi na kiroba cha mchele mpya, kwa sababu hajawahi kuja kwetu mikono mitupu. Kule Rujewa ana mashine ya kukoboa mpunga, na kwa miaka mingi amekuwa akipeleka mchele Iringa kwa lori lake dogo. Ni mgane wa siku nyingi, watoto wake wamekwishaoa na kuolewa, na kicheko chake husikika kabla yeye hajafika mlangoni. Siku hiyo aliketi mkekani, akavuta sinia la pilau, akalitazama, kisha akalisukuma pembeni. Hilo peke yake lilitosha kumtisha mama.

"Kaka, macho yako yana nini?" mama akauliza.

"Ni hizi taa zenu. Mmenunua taa za ajabu."

"Taa hazijawashwa, Mjomba," nikasema.

Nilimshika mkono nikampeleka dirishani. Weupe wa macho yake ulikuwa umechovywa binzari. Ngozi ya viganja nayo vilevile. Wakati namkagua alikuwa akijikuna mgongo kwenye fremu ya dirisha kama ng'ombe wa Usangu kwenye nguzo ya uzio. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari, lakini nilijua maswali ya kuuliza, na hayakuwa maswali ambayo mpwa humuuliza mjomba wake. Nilimuuliza mkojo una rangi gani. Nikamuuliza na choo.

Aliangalia dari kwa muda.

"Mkojo kama chai ya rangi," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Na hicho kingine kimepauka kama udongo wa kupaka nyumba. Haya, umefurahi?"

Hakurudi Rujewa jioni ile. Alilala kwa mama, na asubuhi nikampeleka hospitali ninakofanya kazi. Walimpima homa ya ini, hana. Wakampiga picha ya tumbo, ikaonyesha mirija ya nyongo imevimba kama mfereji ulioziba. Wakampiga picha nyingine kwenye ile mashine kubwa ya kuzunguka, na hapo wakauona uvimbe wenyewe: mdogo, umejibanza kwenye kichwa cha kongosho. Kipande cha nyama walichokichomoa kwa sindano kikathibitisha. Ilikuwa saratani.

Kongosho ni kiungo ambacho watu wengi hawajui kama wanacho. Moyo wanaujua, ini wanalijua, hata bandama wanaijua kwa sababu ya malaria. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, linatengeneza maji ya kusaga chakula na kulinda sukari ya mwili, wala halidai shukrani. Daktari aliyetupokea, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alituchorea kwenye karatasi. Alichora kama samaki aliyelala ubavu.

"Mzee, saratani ya hapa ni mbaya, sitakudanganya," alisema. "Lakini umebahatika kwa jambo moja. Inapoanzia huku mkiani hukaa kimya, mtu anakuja tumeshachelewa. Yako imeanzia kichwani, imebana mrija wa nyongo, nyongo ikarudi kwenye damu, ndiyo maana umekuwa manjano. Imetupigia kelele mapema. Naona mishipa mikubwa ya hapa jirani haijaguswa. Unaweza kufanyiwa upasuaji."

Mjomba aliutazama ule mchoro wa samaki.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nimepata saratani yenye adabu. Inabisha hodi."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamdondoka kifuani. Mama yangu hakucheka. Alikuwa ameshika mkono wa kaka yake, na ule mkono ulikuwa wa manjano juu ya kanga yake nyeupe.

Sasa inabidi nieleze kazi yangu, kwa sababu bila hiyo mengine hayataeleweka. Katika miaka hiyo nilikuwa kwenye kikundi kidogo cha watafiti kilichokuwa kikitafuta seli za saratani ndani ya damu. Uvimbe haukai na seli zake zote mahali pamoja. Baadhi hubanduka, zikaingia kwenye mishipa na kusafiri na damu mwilini. Ndizo zinazopeleka ugonjwa sehemu nyingine. Kwa saratani ya kongosho hili ni jambo zito, kwa maana mara nyingi mtu hukatwa uvimbe vizuri kabisa, akapona kidonda, na baada ya muda ugonjwa ukaibuka kwenye ini. Maana yake kuna waliosafiri kabla ya kisu. Tulitaka kujua kama wasafiri hao wanaweza kuonekana kwenye damu ya mkononi, na kama wingi wao kabla na baada ya upasuaji unaweza kutuambia lolote.

Kuwaona si kazi ndogo. Kwenye kichupa kimoja cha damu chembe nyekundu hazihesabiki, na hao tunaowatafuta wanaweza wasifike hata vidole vya mkono mmoja. Tunapitisha damu kwenye chujio lenye vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Chembe za kawaida zinapita, zile kubwa na ngumu zinanasa. Tunazipaka rangi zinazong'aa, tunazima taa za chumba, halafu mtu anakaa kwenye hadubini na kuangalia, na kuangalia. Huyo mtu ndiye mimi.

Mjomba aliulizwa na muuguzi kama angependa kutoa damu kwa utafiti huo kabla ya kusafiri kwenda kupasuliwa. Mimi nilikaa mbali na mazungumzo yale, maana haifai ndugu kumshawishi ndugu. Baadaye nilisikia aliuliza swali moja tu: kama damu hiyo itawafaa watu wengine. Muuguzi akamwambia huenda, lakini si leo wala kesho. Mjomba akanyoosha mkono.

Upasuaji ulifanyika Dar es Salaam, mama akamsindikiza. Siku ile nilikaa kazini na simu mfukoni na sikufanya chochote cha maana. Operesheni yenyewe ni kubwa: wanatoa kichwa cha kongosho, mfuko wa nyongo, kipande cha utumbo, kisha wanaunganisha upya kila kilichobaki. Mwanga wa machweo ulikuwa unaondoka kwenye mlima Loleza mama alipopiga.

"Ametoka. Ameuliza kama mpunga umeanikwa."

Nilikaa chini palepale koridoni na kulia kwa furaha, na mfagizi akanizungushia ufagio.

Alirudi Mbeya amekonda kama suti iliyotundikwa kwenye msumari. Rangi yake ya asili ilikuwa imerejea, muwasho umekwisha. Zikafuata dripu za dawa kali, kwa miezi kadhaa, akiwa anakaa kwa mama na kugombana naye juu ya uji. Akajifunza kupima sukari kwa kujichoma kidole. Akajifunza kumeza vidonge vya kusaga chakula kila anapokula, kwa sababu kongosho lililobaki halikuweza kazi yote. Na kila alipokuja kliniki muuguzi wetu alimtoa kichupa kingine cha damu.

Siku moja, dripu zikiwa zimekwisha na shavu limeanza kurudi, alinifuata kazini.

"Mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Nataka kuwaona hao wasafiri."

Niliomba ruhusa kwa mkuu wangu. Nikamvalisha koti jeupe lililombana mabegani, nikamkalisha kwenye kiti changu na kuzima taa. Sikumwekea damu ya mgonjwa yeyote. Nilimwekea kipande cha kioo cha kujifunzia, chenye seli tunazozifuga maabara kwa mazoezi.

"Naona nyota," akasema.

"Zile nyekundu ni chembe nyeupe za damu."

"Nyekundu ndiyo nyeupe?"

"Ni rangi tumezipaka, Mjomba, ili tuzitofautishe."

"Haya. Maabara ni yenu." Akasogeza jicho. "Na hii ya kijani, kubwa, imekaa peke yake?"

"Hiyo ndiyo seli ya saratani."

Alibakiza jicho palepale. Mashine ya kupoozea ilikuwa ikinguruma kwenye kona. Mjomba kunyamaza muda mrefu vile ni jambo la kutia wasiwasi, nikataka kuwasha taa.

"Mbona nzuri hivi?" hatimaye akauliza, kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

Nikamweleza inavyobanduka na kuingia mshipani. Nikamwambia nyingi hufia njiani, kwa sababu damu inakwenda kasi na inagonga, na mwili una askari wake wanaokamata wageni. Chache ndizo hufika mahali zikatulia, na hata kati ya hizo kuna zinazolala tu bila kuota.

"Na mimi ninazo?"

"Sijui, Mjomba."

"Hujui, au husemi?"

"Sijui kweli. Vichupa vinafika hapa na namba, havina majina. Na hata ningejua nisingesema. Mtu mmoja mmoja hapewi majibu haya, kwa sababu bado hatujui yanamaanisha nini kwake."

Aligeuka na kiti. Gizani niliona meno na macho tu.

"Mkono uliotobolewa ni wangu. Damu ni yangu. Siri ndiyo imekuwa yenu?"

Nilimtoa nje nikampeleka kantini kumnunulia chai. Nilidhani ananibishia kwa mazoea yake tu, lakini aliikoroga ile chai isiyo na sukari mpaka ikapoa.

"Sikuulizi kwa ubishi, Mama," akasema. "Nataka kuoa."

Chai yangu mimi ilimwagikia sahani.

Nikasikia habari nzima hapo, kati ya wanafunzi wa uuguzi wanaokula chapati. Alikuwapo mama mmoja pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, mwenye mgahawa kando ya barabara kuu. Mhehe, Mwislamu, mjane. Kwa miaka yote ya kupeleka mchele Mjomba alikuwa akisimamisha lori pale kula samaki wa bwawa la Mtera, na kwa miaka yote hiyo hawakuzungumza lolote zaidi ya samaki, mvua, na hali ya barabara ya Makambako. Halafu akaugua. Yule mama akapata namba yake kwa dereva mwingine.

"Alikuwa ananipigia simu. Haniulizi naendeleaje. Ananiuliza nimekula nini. Nikisema uji, anauliza uji wa nini, umewekwa nini. Siku nyingine nilikuwa nakula ili nipate cha kumjibu."

"Sasa umemwambia?"

"Nimwambie nini? Alishazika mume mmoja. Sitaki azike wa pili kwa uchoyo wangu. Nimejiwekea hivi: kama hizo za kijani zipo kwenye damu yangu, nitakaa kimya. Kama hazipo, nakwenda Ipogolo. Ndiyo maana nakuuliza."

Nimekaa na hadubini muda mrefu na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuipa kazi ya ushenga. Nilimwambia swali lile limenizidi, na nikampeleka kwa daktari wetu wa miwani ya kamba, aliyekuwa pia ndiye kiongozi wa utafiti. Mjomba alilirudia swali lake mbele yake bila aibu, na ndoa ndani yake.

Daktari hakucheka safari hii. Alivua miwani.

"Mzee, nakushukuru kwa kuniuliza wazi. Nikujibu wazi. Nachukua damu yako kidogo kutoka mkononi. Damu nyingine yote ya mwili wako sijaiona. Tena damu inayotoka kwenye kongosho inapita kwanza kwenye ini kabla haijafika mkononi, kwa hiyo wengi wa wasafiri hao wananaswa kabla sijawaona. Nisipoona hata mmoja, siwezi kukuambia umepona. Na nikiona, siwezi kukuambia umekwisha, maana wengi wanafia humohumo kwenye damu. Tukiwaangalia wagonjwa wengi kwa pamoja, tunajifunza: wale ambao seli zinaonekana kwa wingi, ugonjwa huelekea kurudi mapema zaidi. Lakini hilo ni la kundi. Kipimo hiki hakijafikia kumwambia mtu mmoja aoe au asioe."

"Basi nani atanijulisha?"

"Tutaendelea kukupima na kukupiga picha. Ikirudi, tutajua pamoja. Isiporudi, tutajua pamoja vilevile, ila hiyo inachukua muda zaidi."

Alishukuru na kutoka. Tulitembea mpaka kwenye maegesho. Niliogopa kwamba tumemfungia mlango. Alisimama kando ya gari langu dogo, akalipiga piga paa kwa kiganja, kama anavyopiga magunia kujua yameshiba.

"Kumbe hakuna anayejua," akasema. "Nilidhani mnajua mnanificha. Hakuna anayejua kabisa! Una ruhusa lini?"

Tulikwenda Ipogolo Jumamosi. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba. Tulipopita Igawa hotuba ilikuwa fupi. Kwenye upepo wa Makambako ilikuwa imeongezeka aya mbili na hadithi ya babu yake aliyekuja bara kutoka Kilwa. Kufika kwenye misonobari ya Mafinga, ilikuwa inaanza na Bismillahi na kuishia kwenye dripu, na mimi nilikuwa nimeisikia mpaka ningeweza kuposa mwenyewe.

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni pa mgahawa wake, mrefu, mikono imekunjwa, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayetarajia kazi. Alimtazama Mjomba kuanzia viatu kwenda juu.

"Kamwene," Mjomba akasema kwa Kihehe chake chote.

"Kamwene. Umekonda. Kaa."

Nilimsalimia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuacha kumwangalia yeye. Akaleta samaki, ugali, mboga za majani. Mjomba akatoa vidonge vyake akaviweka kando ya sahani.

"Hivyo ni vya nini?"

"Vya kusaga chakula. Tumbo langu limepunguzwa, halijiwezi lenyewe."

"Vinamezwa kabla au baada?"

"Na tonge la kwanza."

"Basi meza. Kisha kula. Halafu ndiyo useme hicho kilichokutoa Mbeya na mtoto wa watu siku ya mapumziko yake."

Alikula. Mimi nilikula mara mbili, kwa ajili ya kutuliza roho. Sahani zilipoondolewa Mjomba alisimama kutoa hotuba, ikapotea yote. Babu wa Kilwa hakutokea. Kilichotoka kilikuwa kitu kingine.

"Mimi nina ugonjwa ambao unaweza kurudi," akasema. "Huyu mpwa wangu anatafuta mbegu zake kwenye damu za watu. Nimemwomba aniambie kama zimo kwangu, hajui. Nimemuuliza daktari wake, naye hajui. Nilitaka nije hapa na uhakika. Sina. Nimekuja hivyohivyo."

Yule mama alifuta meza ambayo ilikuwa safi tayari.

"Mzee, mimi nimekuuliza damu?"

"Hapana."

"Marehemu mume wangu alikuwa mzima kama jiwe. Hakuwahi kulala hospitali. Alitoka hapo nje kufuata mkaa, pikipiki ikamgonga. Hakuna aliyempima damu asubuhi ile." Akakunja kile kitambaa cha kufutia mara mbili. "Mimi naogopa kitu kimoja tu: mwanaume wa kukaa nyumbani kwangu kunifundisha chumvi."

"Chumvi yako haijawahi kuzidi."

"Basi nenda Idodi kwa kaka yangu. Mimi nina wenyewe."

Akaingia jikoni. Tukasikia sufuria zikigongana kuliko ilivyohitajika, na sauti ya kike ikianza kuimba kwa chini. Mjomba alikaa, akanigeukia, akiwa amesahau kufunga mdomo.

Idodi tulikwenda wiki chache baadaye, mimi, mama yangu na Mjomba. Kwa desturi muoaji hakai kwenye posa yake, lakini alisema amechelewa kwa kila kitu na hawezi kuchelewa kwa hili. Barabara ile inayoelekea mbugani ina vumbi la kuogea. Tulifika wekundu wote watatu. Kaka yake yule mama, mkulima wa mpunga na nyanya, mtu mpana wa mabega na mchache wa maneno, alitupokea sebuleni huku runinga ikionyesha mpira. Dada yake, yule mama wa Ipogolo, alikuwa ametangulia kuja, yuko nyuma ya pazia la mlango wa jikoni. Tulijua kwa sababu pazia lilikuwa na miguu.

Mama yangu alisema yanayosemwa. Mwenyeji akasubiri kona ipigwe, ikapigwa, haikuzaa kitu, akapunguza sauti ya runinga.

"Tumesikia mwenzenu alikuwa mgonjwa."

"Ni kweli," Mjomba akasema, na akaeleza mwenyewe, tangu manjano ya Idi mpaka vidonge. Alipofika kwenye seli alininyooshea mkono. "Hayo ataeleza huyu, ndiyo kazi yake."

Kwa hiyo nikaeleza, katika sebule ya Idodi, mpira ukiendelea bila sauti, jinsi seli inavyobanduka na kusafiri, jinsi nyingi zinavyokufa na chache kutulia, na jinsi tusivyojua. Sijawahi kutoa mhadhara kwa watu wanaosikiliza kwa makini vile.

"Kwa hiyo wewe na hadubini yako," mwenyeji akasema, "hujui huyu atakufa lini."

"Sijui, Baba."

"Na mimi sijui nitakufa lini." Akamgeukia Mjomba. "Wewe unajua?"

"Sijui, shemeji."

"Usiniite shemeji bado."

Mama yangu alikohoa ndani ya kanga. Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba. Lakini mwenyeji hakuwa anatania. Aliinama mbele, viwiko juu ya magoti.

"Sikia, mzee. Dada yangu alipofiwa alikaa kwenye kochi hilo ulilokalia. Alikaa hapo mpaka mvua zikaja zikaisha. Hakuagwa, hakuandaliwa, alisikia tu makelele barabarani. Kwa hiyo sitakuomba usiugue, hilo si langu wala lako. Nakuomba ukiugua usimfiche. Hata kama ni homa, hata kama ni kidonda kidogo. Daktari akikuambia neno, limfikie siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo mahari yangu ya kwanza. Nyingine tutaongea na mama hapa."

Mjomba, mtu wa maneno, aliitikia kwa kichwa tu. Machozi yalishuka kwenye vumbi la mashavu yake yakachora mifereji miwili, na mama yangu akampa ncha ya kanga yake kama vile bado ni wadogo.

"Sasa," mwenyeji akasema, akiongeza sauti ya runinga, "unaweza kuniita shemeji."

Harusi ilikuwa Ipogolo, baada ya swala ya adhuhuri. Ilitangazwa kuwa ndogo. Lakini madereva wa malori walishapata habari. Waliegesha kando ya barabara kuu mpaka karibu na daraja la Ruaha Mdogo, wakapiga honi wakati bwana harusi anaingia, na wengine waliingia kula bila kualikwa, wakakuta kumbe walipikiwa. Mjomba alicheza. Mama akawa anapiga kelele, "Kaka, mshono! Mshono!" ingawa ule mshono ulikuwa umepona zamani. Niliuliza nimwite vipi bibi harusi, mkaza mjomba kama watu wa pwani au shangazi kama tunavyosema huku. Mwenyewe akasema nimwite chochote ila nisimwache asimame na sinia zito.

Nilirudi kwenye chumba changu cha giza. Tunapompata msafiri, kijani juu ya weusi, tunaitana kuangalia, kwa sababu kutafuta kunachosha na kupata kunafurahisha. Ndivyo kazi ya utafiti ilivyo. Bado tunaitana. Ila siku hizi, kabla ya kuwaita wenzangu, huwa nakaa kidogo peke yangu na ile namba iliyoandikwa kwenye kioo. Najiuliza huyu naye anasubiri nini. Labda anataka kujenga. Labda kuna mtu anayempigia simu kumuuliza amekula nini. Halafu nahesabu, naandika, naendelea na kioo kinachofuata, kwa maana hilo ndilo ninaloweza kumfanyia.

Ugonjwa wa Mjomba haujarudi mpaka leo ninapoandika. Sijui kesho, na daktari hajui. Anaishi nusu Rujewa nusu Ipogolo, sukari yake inapanda na kushuka, na hajanenepa kama zamani. Ahadi ya Idodi ameitimiza kupita kiasi: akipiga chafya mara mbili mkewe anaarifiwa.

Mwezi uliopita walikuja Mbeya kwa picha ya tumbo. Nilikwenda kuwapokea stendi, nikawakuta wanabishana kuhusu friza ya mtumba. Yeye anataka inunuliwe ya kuhifadhia samaki mgahawani. Mkewe anasema samaki wake hawajawahi kulala, na siku watakapoanza kulala wateja watakwenda kwingine. Walibishana kwenye gari, wakabishana kwenye benchi la kusubiria, wakashusha sauti tu tulipoingia kwa daktari.

Daktari aliziangalia picha moja moja, kwa muda. Akavua miwani, ikaning'inia.

"Pako safi, mzee. Sioni kitu."

Mjomba alivuta pumzi ndefu. Mkewe alifumba macho, midomo yake ikatembea kidogo bila sauti, kisha akayafumbua.

"Ahsante sana, daktari. Mungu akulinde," akasema, akasimama, akaweka mkoba begani. "Sasa mwambie na wewe, labda atakusikia: samaki wa jana ana ladha ya samaki wa leo?"

"Usimwingize daktari," Mjomba akasema akimfungulia mlango. "Daktari ni wa tumbo. Hili ni suala la umeme."

Wakatoka hivyo, na sauti zao zikaenda zikipungua koridoni mpaka nikabaki nikisikia cha Mjomba tu, kile kicheko.